Jalada Lililovuka Mpaka

Aprili 2021, katika mji wa Coimbra nchini Ureno, maofisa wa kodi walifungua jalada la kampuni moja iliyokuwa ikiuza simu za mkononi, tabuleti na spika za masikioni. Kulikuwa na shaka kwamba kampuni hiyo inakwepa kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT ambayo kila mwenye duka anaijua. Wakakagua. Ankara zilionekana sawa, ritani zilikuwa zimejazwa, hesabu zilioana. Kwa jicho la Ureno, kampuni ile haikuwa na neno.

Jalada la namna hiyo huwa na safari fupi, na mwisho wake ni kabatini. Hili likabahatika kwa tarehe. Tarehe 1 Juni mwaka uleule, jijini Luxembourg, ilianza kazi ofisi ambayo Ulaya haikuwahi kuwa nayo: Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Umma wa Ulaya, inayojulikana kwa kifupi cha EPPO. Jalada la Coimbra likapelekwa huko. Wapelelezi wa nchi mbalimbali wakaanza kuunga uzi mmoja na mwingine, kampuni ya huku na akaunti ya kule, hadi kampuni moja ya kuuza simu ikawa imehusishwa na karibu kampuni 9,000 na watu zaidi ya 600. Nyuzi nyingine zilifika mbali na Ulaya, hadi Morisi, Singapore na Falme za Kiarabu. Tarehe 29 Novemba 2022, upekuzi zaidi ya 200 ulifanyika kwa mpigo katika nchi 14. Hasara iliyokadiriwa: euro bilioni 2.2. Operesheni hiyo ikaitwa Admiral.

Msikilizaji atauliza: hivi inawezekanaje watu waibe mabilioni huku vitabu vyao vya hesabu vikiwa safi? Jibu limo katika kanuni moja ya biashara ya Umoja wa Ulaya, nayo inafaa kuelezwa polepole, kwa sababu bila kuielewa ofisi hii itaonekana kama genge jingine tu la warasimu.

Tangu soko moja la Ulaya lilipofunguliwa mwaka 1993, mfanyabiashara wa nchi moja akimuuzia mwenzake wa nchi nyingine ndani ya Umoja, hatozi VAT. Mnunuzi ndiye anayewajibika kwa kodi hiyo kwao. Basi chukua mfano. Kampuni ya Ujerumani inauza simu za euro milioni 1 kwa kampuni ya Ureno. VAT ni sifuri. Kampuni ya Ureno inaziuza simu zilezile kwa kampuni nyingine ya Ureno, safari hii kwa milioni 1 pamoja na VAT ya asilimia 23, yaani euro 230,000 juu. Fedha hizo zilipaswa kwenda serikalini. Haziendi. Kampuni ile ya kwanza ya Ureno inafungwa, mlango una kufuli, mkurugenzi aliyeandikishwa hajulikani aliko. Watanzania walishalipata neno la vitu vya namna hii zamani, waliposikia habari za wafanyakazi hewa: hii ni kampuni hewa.

Utamu wa wizi uko hatua inayofuata. Ile kampuni ya pili inaziuza simu Hispania, tena bila VAT kwa kuwa zinavuka mpaka, kisha inaiendea serikali ya Ureno na ankara mkononi: nilimlipa aliyeniuzia euro 230,000 za kodi, nirudishieni. Na serikali inarudisha. Hazina imerudisha fedha ambazo haikuzipokea kamwe. Simu zinaweza kurudi Ujerumani na kuzunguka tena, na tena, kama mwali wa ngoma anayezungushwa uwanjani hadi watunzaji waishiwe. Zipo kesi ambazo hata simu zenyewe hazikuwapo. Kilichokuwa kikizunguka ni karatasi.

Sasa tazama mkaguzi wa kila nchi anaona nini. Mjerumani anaona mauzo halali ya nje. Mhispania anaona ununuzi halali. Mreno anaona kampuni moja iliyotoweka, jambo ambalo hutokea kila wiki, na nyingine yenye hesabu nzuri kabisa. Uhalifu wenyewe hauko katika nchi yoyote kati ya hizo tatu. Uko katikati.

Na kuna jambo la pili, ambalo wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana. Fedha za bajeti ya Umoja wa Ulaya, zile za ruzuku za kilimo, barabara na mafunzo, zilikuwa machoni mwa wengi kama fedha za wafadhili zilivyo kwetu: zimetoka mbali, hazina mwenyewe karibu, hazimuumi mtu mahususi. Mwendesha mashtaka wa wilaya mwenye mauaji mawili na ujambazi mmoja mezani hakuwa na sababu kubwa ya kutumia miaka 3 kufuatilia fedha za Brussels zilizopotelea katika nchi 4.

Tatizo hilo lililalamikiwa mapema. Oktoba 1996, wanasheria 7 wa mahakama na mashtaka kutoka nchi kadhaa, akiwamo Bernard Bertossa wa Geneva na Baltasar Garzón wa Hispania, walitoa mwito uliopewa jina la mji huo wa Geneva. Kilio chao kilikuwa kwamba fedha chafu zinapita mipaka kwa dakika, ilhali barua ya kuomba msaada wa kisheria inachukua miezi, wakati mwingine miaka, na njiani inaweza kuchakaa katika ofisi ya mwanasheria mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata kundi la wataalamu chini ya profesa Mfaransa Mireille Delmas-Marty likapendekeza Ulaya iwe na mwendesha mashtaka wake. Pendekezo likapokewa kwa heshima na kuwekwa pembeni.

Machi 1999, Kamisheni ya Ulaya chini ya Jacques Santer ilijiuzulu nzima baada ya ripoti ya wataalamu huru juu ya upendeleo na usimamizi mbovu. Ikaundwa OLAF, ofisi ya kupambana na ulaghai. OLAF inachunguza vizuri, lakini haina meno ya mahakamani: inaandika ripoti, inapendekeza, inawatumia wenye nchi. Mwenye nchi akipenda anafungua kesi. Asipopenda, basi.

Hapa tujiangalie kidogo na sisi, maana Afrika Mashariki imeonja ladha ya kesi zinazokatwa vipande na mpaka. Rada ya kijeshi ambayo Tanzania iliinunua kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 28 ilichunguzwa London na Dar es Salaam. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo ya dola milioni 12.4 kwa mshauri wa masoko. Si rushwa, kumbukumbu za hesabu. Faini ikawa pauni 500,000, na kampuni ikakubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Wakenya nao wana kesi yao ya kuku. Kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman ilipatikana na hatia nchini Uingereza Desemba 2014 kwa kuwahonga maofisa ili ipate kazi za kuchapisha karatasi za kura, na katika mawasiliano yao hongo ilikuwa ikiitwa kuku. Waliotoa kuku walihukumiwa London. Waliokula walikuwa chini ya mamlaka nyingine kabisa.

Umoja wa Afrika ulijaribu dawa ya pamoja: Itifaki ya Malabo ya mwaka 2014 inaipa mahakama ya Afrika uwezo wa kusikiliza makosa ya rushwa na utakatishaji fedha, na kuiwekea ofisi ya mwendesha mashtaka. Itifaki inahitaji kuridhiwa na nchi 15 na haijafika huko. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha haina mamlaka ya jinai.

Ulaya nayo haikuruka kwa furaha. Mkataba wa Lisbon ulioanza kutumika mwaka 2009 ulifungua mlango wa kuwa na mwendesha mashtaka wa Ulaya, katika ibara ya 86 ya mkataba wa uendeshaji wa Umoja (msikilizaji aitunze namba hii, tutaihitaji). Kamisheni ilipoleta rasimu mwaka 2013, mabunge ya nchi 11 yalipinga kwa hoja kwamba kushtaki ni kazi ya dola, si ya Brussels. Kwa kuwa wote hawakukubaliana, waliotaka wakaendelea peke yao: kanuni ilipitishwa Oktoba 2017 na nchi 20. Uholanzi na Malta zikaingia mwaka 2018, Poland na Sweden mwaka 2024. Hadi mwaka huo ukiisha zilikuwa nchi 24 kati ya 27. Denmark, Ireland na Hungary zilikuwa nje.

Muundo wake ni wa ujanja kidogo. Ofisi kuu iko Luxembourg, ambako kila nchi mwanachama ina mwendesha mashtaka mmoja. Lakini kazi ya mikono inafanywa na waendesha mashtaka wawakilishi walioko katika nchi zao: Mwitalia yuko Italia, anavaa joho la Italia, anasimama mbele ya hakimu wa Italia na kutumia sheria ya jinai ya Italia. Kilichobadilika ni bosi wake. Katika kesi za EPPO hapokei maagizo ya mwanasheria mkuu wala waziri wa kwao. Uamuzi wa kushtaki au kufunga jalada unapitia jopo la watu 3 huko Luxembourg, na waziri wa nchi hawezi kumfukuza mwakilishi kwa sababu ya kazi hiyo bila ridhaa ya mkuu wa ofisi. Akihitaji upekuzi ng'ambo, haandiki barua ya maombi kwa ubalozi. Anampigia mwenzake wa ofisi ileile.

Sasa, nani akabidhiwe? Hapo ndipo hadithi inapopata mtu. Laura Codruța Kövesi, Mromania aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya vijana ya mpira wa kikapu, alikuwa mwanasheria mkuu wa mashtaka wa Romania akiwa na miaka 33. Kuanzia 2013 aliongoza idara ya kupambana na rushwa ya nchi hiyo, na wabunge, mameya na mawaziri wakaanza kuzoea njia ya mahakamani. Julai 2018 akaondolewa. Alipoomba kazi ya Ulaya, serikali ya nchi yake mwenyewe ilimpiga vita, na Machi 2019 akawekewa masharti ya kutotoka nje ya nchi kwa uchunguzi uliofunguliwa dhidi yake. Masharti hayo yaliondolewa baadaye. Baraza la nchi wanachama lilielekea kumtaka Mfaransa Jean-François Bohnert. Bunge la Ulaya likamng'ang'ania Mromania. Akateuliwa Oktoba 2019 kwa kipindi kimoja cha miaka 7. Mei 2020 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kazini Romania kulivunja haki yake ya kusikilizwa mahakamani na uhuru wake wa kusema. Yaani mtu aliyepewa ofisi isiyopaswa kuingiliwa na wanasiasa alikuwa ameijua bei ya kuwagusa.

Wanasiasa wengine walichagua kuchelewesha. Slovenia haikuteua wawakilishi wake kwa wakati; waziri wa sheria alijiuzulu Mei 2021 baada ya serikali ya Janez Janša kuvunja mchakato wa uteuzi, na majina yakapatikana miezi kadhaa baada ya ofisi kufunguliwa.

Hesabu za ofisi zinaonyesha kilichokuwa kimefunikwa. Mwisho wa 2021, baada ya miezi 7 ya kazi, uchunguzi uliokuwa ukiendelea ulihusu hasara ya euro bilioni 5.4. Mwisho wa 2024 majalada yalikuwa 2,666 na hasara iliyokadiriwa bilioni 24.8, zaidi ya nusu yake ikiwa ya VAT. Ni makadirio ya waendesha mashtaka, si hukumu, na mwandishi makini asiyachanganye mawili hayo. Lakini kuna jambo moja lisilo na ubishi. Kabla ya 2021 hakukuwa na ofisi moja iliyoyafuatilia mabilioni haya kwa pamoja. Katika uchunguzi ulioitwa Moby Dick, Novemba 2024, zilitolewa amri za kukamata watu 43 kwa ulaghai wa VAT wa takriban euro milioni 520 katika biashara ya vifaa vya elektroniki, na Italia ikasikia majina ya zamani yakitajwa humo: Camorra na mafia wa Sicily. Ukitazama kwa akili ya jambazi, ni biashara nzuri. Kuuza unga kunaleta risasi na miaka 20 jela. Kuuza simu zinazozunguka kunahitaji mhasibu.

Wapo wanaoitilia shaka ofisi hii kwa sababu nzuri, na hawastahili kuwekwa kapu moja na wezi. Mawakili wa utetezi wanalalamika kwamba mwendesha mashtaka amepata miguu 24 huku mteja wao akibaki na miwili. Mtu anayechunguzwa katika nchi 5 anahitaji wakili wa kila nchi, lugha ya kila nchi na fedha za kuwalipa. Jopo la Luxembourg linaweza, kwa vigezo vya kanuni, kuamua kesi ipelekwe nchi gani, na mshtakiwa hana sauti kubwa katika hilo.

Kesi ya biodizeli ilileta ubishi huo hadi mahakama ya juu. Mwakilishi wa Ujerumani alikuwa akichunguza watu walioshukiwa kuingiza biodizeli Ulaya kwa maelezo ya uongo, hasara ikiwa kama euro milioni 1.3. Nyumba na ofisi zikapekuliwa Austria. Washukiwa wakauliza: hakimu wa Vienna apime upya kama ushahidi unatosha kutupekua, au ni kazi ya hakimu wa Ujerumani? Swali lilionekana dogo, kumbe lilibeba ofisi nzima. Kama kila nchi ingepima jalada upya, tungerudi kulekule kwa barua za Geneva, safari hii zikiwa na nembo nzuri zaidi. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hakimu wa nchi inayosaidia anaangalia jinsi upekuzi unavyotekelezwa tu. Sababu za upekuzi zinapimwa katika nchi yenye kesi. Na ikaongeza kwamba kwa hatua nzito kama kuingia nyumbani kwa mtu, nchi hiyo yenye kesi lazima iwe na hakimu wa kuzipima kabla.

Kwa hiyo mipaka kati ya nchi imeanza kulainika. Uliobaki mgumu ni mpaka wa aina nyingine, nao hauna kituo cha forodha. Uko Athens.

Usiku wa tarehe 28 Februari 2023, katika bonde la Tempi, treni ya abiria iliyotoka Athens kwenda Thessaloniki iligongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 57 walikufa, wengi wao vijana wa vyuo. Treni mbili zilikuwa zikikimbia katika njia moja kwa dakika kadhaa na hakuna mtambo uliozizuia. Mtambo ulikuwa umeagizwa. Mkataba namba 717 wa mwaka 2014, uliochangiwa na fedha za Ulaya, ulikuwa wa kufufua ishara na uongozaji wa treni kwa mbali, na ulipaswa kuisha ndani ya miaka 2. Desemba 2023 EPPO ilifungua mashtaka dhidi ya watu 23, 18 kati yao wakiwa maofisa wa umma. Mawaziri hawakuguswa. Si kwamba majina yao hayakujitokeza katika uchunguzi: katiba ya Ugiriki, katika ibara yake ya 86, inasema ni bunge pekee linaloweza kuanzisha mashtaka dhidi ya waziri kwa kazi aliyoifanya akiwa waziri.

Naam, ile namba. Ibara ya 86 ya mkataba wa Ulaya ndiyo inayomzaa mwendesha mashtaka. Ibara ya 86 ya katiba ya Ugiriki ndiyo inayomsimamisha mlangoni.

Mambo yakajirudia kwenye ruzuku za kilimo. Wakala wa Ugiriki wa kuwalipa wakulima, OPEKEPE, ulikuwa umelipa watu waliodai malisho ambayo hawakuwa nayo. Vyombo vya habari viliripoti madai ya mashamba ya ndizi mlimani Olympus na mizeituni ndani ya uwanja wa ndege wa jeshi. Tunaweza kuongeza katika kamusi yetu: malisho hewa. Juni 2025 waziri wa uhamiaji, aliyewahi kushika wizara ya kilimo, alijiuzulu pamoja na manaibu kadhaa, akikana kosa lolote. EPPO ilikuwa imelipelekea bunge jalada linalowahusu mawaziri wawili wa zamani wa kilimo. Mwezi uliofuata chama tawala, chenye wingi wa viti, kilikataa uchunguzi wa awali wa jinai na badala yake kikaunda kamati ya kuangalia jinsi ruzuku zilivyoendeshwa miaka yote ya nyuma.

Wakati huohuo, kilomita chache kutoka bungeni, katika bandari ya Piraeus, ofisi ileile ilikuwa ikifanya kazi bila kuomba ruhusa ya mbunge yeyote. Katika operesheni Calypso, kuhusu bidhaa za China zilizokuwa zikiingizwa kwa thamani ya uongo na kukwepa ushuru na VAT, kontena 2,435 zilishikiliwa, na hasara ikakadiriwa kuwa karibu euro milioni 800. Kövesi alifika mwenyewe Piraeus Oktoba 2025. Maofisa wa forodha wanashtakika, mawakala wa kupakua wanashtakika, wenye maghala nao pia.

Kuhusu mawaziri, Kövesi alitaka ibara ya 86 ibadilishwe, na Waziri Mkuu Kyriakos Mitsotakis naye amesema inahitaji marekebisho. Katiba ya Ugiriki ina utaratibu wake katika jambo hilo: bunge moja linapendekeza ibara zitakazoguswa, uchaguzi mkuu unafanyika, kisha bunge jipya ndilo linaloamua ziandikwe vipi.